Jinsi ya kupunguza karatasi ofisini bila kununua mfumo wowote

Haipiti mwezi bila afisa utawala au katibu muhtasi wa ofisi fulani kuniuliza swali lilelile: rimu zinaisha kama maji, bosi kasema tupunguze, sasa tuanzie wapi? La pili hufuata hapohapo: tununue mfumo gani? Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Jibu fupi: msinunue kitu kwanza. Wala msibandike tangazo la kuhimiza watu watunze miti juu ya printa. Tangazo lile husomwa wiki ya kwanza, wiki ya pili limegeuka pambo la ukuta. Karatasi nyingi za ofisini huzaliwa sehemu chache zinazojulikana: mpangilio wa printa, makabrasha ya vikao, rasimu zinazoenda na kurudi kwa bosi, na kopi za vocha. Ukizibana hizo, mengine yatajirekebisha.

Hatua hizi zinafaa ofisi ya watu watano hadi hamsini hivi. Mimi niko Dar es Salaam, lakini aliyeko Mombasa au Arusha atajikuta humuhumu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kauli ya mkuu wa ofisi kwa maandishi. Baruapepe ya mistari mitatu inatosha. Bila hiyo, siku mhasibu akigoma utabaki peke yako.
- Mtu mmoja wa kusimamia zoezi. Nasema mmoja. Mkiunda kamati, kitu cha kwanza itakachofanya ni kuprinti hadidu za rejea.
- Daftari la stoo linaloonyesha rimu zinazotoka.
- Mizani. Hata ile ndogo ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari inafaa.
- Maboksi mawili ya rimu yaliyo tupu kwa kila printa.
- Fundi wa TEHAMA kwa nusu siku, au nywila ya msimamizi wa kompyuta.
- Skana. Mashine yenu ya fotokopi huenda tayari inaskani na hamjawahi kubonyeza kitufe hicho. Kama hamna, simu yenye kamera nzuri inatosha kwa kuanzia.
- Folda moja ya pamoja ambayo kila anayehusika anaweza kuifungua.

Hatua kwa hatua

1. Pima kabla hujagusa chochote.

Kwa wiki mbili usibadilishe kitu, na usitangaze kwamba unahesabu, maana watu wakijua watajirekebisha kwa muda na hesabu yako itakuwa ya uongo. Andika kila rimu inayotoka stoo: tarehe, idara, aliyechukua.

Wengi hukimbilia kusoma kaunta ya printa. Isome, lakini ijue tabia yake: mashine nyingi huhesabu nyuso zilizochapwa, hazihesabu karatasi. Ukiprinti kurasa kumi kwa pande mbili, karatasi zilizotumika ni tano lakini kaunta imepanda kumi. Nimeona mtu akikata tamaa mwezi wa kwanza kwa sababu kaunta "haijashuka", kumbe stoo rimu zimebaki. Kipimo chako ni rimu.

Ijumaa jioni, mhudumu wa usafi kabla hajapita, kusanya karatasi zote za kwenye makapu uzipime. A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5. Kwa hiyo kilo moja ni karatasi 200, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Ukipata kilo tano kwenye makapu, ujue rimu mbili zimetoka stoo zikapitia kwenye printa na kuishia takani.

Kisha zimwage mezani, uzichambue. Hapa ndipo utakapojifunza zaidi kuliko kwenye semina yoyote. Weka rasimu peke yake, makabrasha peke yake, kopi zilizoharibika peke yake, na kurasa ambazo zina mstari mmoja tu juu zikafuatiwa na weupe. Katika fungu langu la kwanza nilikuta baruapepe kadhaa zilizoprintiwa, na ukurasa wa mwisho wa kila moja ulikuwa na maneno mamoja tu: tafadhali fikiria mazingira kabla ya kuchapisha barua hii. Karatasi nzima.

2. Ifanye printa itoe pande mbili bila kuombwa.

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote na inachukua chini ya saa moja. Mtu akiachiwa kuchagua pande mbili kila anapoprinti, hatachagua. Mashine ikitoa pande mbili yenyewe, hatahangaika kuizuia.

Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya printa, fungua "Printer properties", kisha "Advanced", kisha "Printing Defaults". Humo chagua kuchapa pande zote mbili, na ukiulizwa namna ya kugeuza chagua "Flip on long edge". Ukichagua "short edge", barua ya kawaida itatoka upande wa nyuma ukiwa kichwa chini, na kabla ya saa sita mchana mtu atakuwa ameshadai "mfumo wako mpya mbovu".

Kosa la kawaida: kubadilisha kwenye "Printing preferences" na kudhani umemaliza. Pale unabadilisha kwa mtumiaji mmoja tu wa kompyuta hiyo. Na kama kila kompyuta imeunganishwa na printa kivyake, bila kupitia kompyuta kuu, itabidi uzipitie zote, moja baada ya nyingine. Fanya Jumamosi.

Wakati uko hapo, fanya mambo mengine mawili. Zima ukurasa wa utambulisho, ule unaotangulia kila kazi ukiwa na jina la mtumaji. Na kama printa ina uwezo wa kushikilia kazi hadi mwenyewe aje abonyeze namba yake ya siri, uwashe. Utashangaa ni kazi ngapi zinatumwa na hakuna anayekuja kuzichukua.

Mashine ya fotokopi nayo ina mpangilio wake, usiisahau.

3. Wafundishe watu kuprinti Excel.

Nimeiweka peke yake kwa sababu Excel ndiyo mlaji mkubwa ofisini. Mwenzetu mmoja wa mradi alituma jedwali la wanufaika kwenye printa saa nane mchana akaenda kula. Aliporudi kulikuwa na kurasa zaidi ya mia: safu mbili za mwisho za jedwali zilikuwa zimehamia kwenye karatasi zao, kisha kurasa tupu zikafuata, kwa sababu chini kabisa, mstari wa elfu na kitu, mtu aliwahi kubonyeza nafasi akaiacha.

Mambo matatu yanatosha. Weka alama sehemu unayotaka tu, kisha uiteue kwa "Print Area". Chagua "Fit All Columns on One Page" ili safu zisitawanyike. Angalia picha ya kabla ya kuprinti usome namba ya kurasa iliyo chini: ukiona 1 kati ya 86 na wewe ulitegemea nne, simama hapo.

Wafundishe wakiwa wamekaa kwenye kompyuta zao, kila mtu dakika kumi. Usiandae kikao.

4. Vunja kabrasha la kikao.

Piga hesabu ya kikao kimoja. Wajumbe 15, kabrasha la kurasa 60, upande mmoja: karatasi 900, karibu rimu mbili. Jioni ya mkesha mkurugenzi anabadilisha takwimu kwenye ukurasa wa 22, makabrasha yote yanaprintiwa upya, zimekuwa karibu rimu nne. Baada ya kikao nusu ya wajumbe wanayaacha mezani.

Fanya hivi:

Weka siku ya mwisho ya kupokea nyaraka, siku tatu kabla ya kikao. Kitakachochelewa kitaonyeshwa kwenye projekta. Tuma kabrasha likiwa faili moja la PDF lenye namba za kurasa zinazofuatana mwanzo hadi mwisho, ili mwenyekiti akisema "tufungue ukurasa wa 14" wote wafike palepale. Kama umetuma viambatisho tisa vyenye majina tisa, watu watapotea, na kikao kijacho watadai karatasi. Watakuwa na haki.

Printi nakala mbili tu, ya mwenyekiti na ya katibu. Mjumbe anayehitaji ya kwake aombe kabla, apewe ya pande mbili, bila kuulizwa maswali.

Akikuambia mtu kwamba kwetu hapa haiwezekani, mkumbushe kwamba Bunge la Tanzania lilishahamia kwenye vishikwambi, na kwamba sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu nchi nzima kwa vishikwambi. Kikao chenu cha robo mwaka hakiwezi kuwa kigumu kuliko hivyo.

5. Zima mzunguko wa rasimu.

Barua ya ukurasa mmoja huweza kula karatasi sita: katibu muhtasi anaprinti, bosi anaweka koma kwa kalamu nyekundu, inarudi, inaprintiwa, bosi anaitoa ile koma. Tumia ufuatiliaji wa marekebisho ndani ya Word. Bosi akiona uvivu kuandika kwenye kompyuta, kaeni pamoja kwenye kioo kimoja, yeye aseme, wewe urekebishe. Kwa barua fupi njia hii ina kasi kuliko karatasi. Printi moja, ya kusainiwa.

6. Vocha, na ile "kopi ya usalama wangu".

Hapa ndipo penye kazi, na si kazi ya mashine, ni ya kujenga imani.

Chukua malipo ya kawaida ya kununua viti. Kuna ombi, nukuu tatu za bei, hati ya kununulia, hati ya kupokelea mzigo, ankara, risiti, vocha yenyewe. Fungu hilo linatolewa kopi moja kwa uhasibu, nyingine manunuzi, nyingine mradi, na kisha kila aliyesaini anatoa ya kwake, ya usalama wangu, akaifungie kwenye droo. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia kisa cha mwaka fulani faili lilipopotea akaulizwa yeye. Kisa hicho ni cha kweli. Usimcheke. Ataacha kutoa kopi siku atakapoona kwamba anaweza kuipata nyaraka yake ndani ya dakika moja bila kumwomba mtu.

Kwa hiyo: fungu la vocha likishasainiwa lote, liskaniwe siku hiyohiyo, PDF moja, kwa ubora wa 300 dpi, na liwekwe kwenye folda ya pamoja ambayo waliosaini wanaweza kuifungua lakini hawawezi kufuta. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2025-03-14_vocha0231_viti. Yatajipanga yenyewe. Ukiruhusu majina kama "scan mpya ya mwisho 2", umejenga stoo ya giza. Folda hiyo iwe na nakala yake sehemu nyingine nje ya jengo.

Fungu la asili linabaki moja, kwa mhasibu.

Angalizo la kisheria, kwa ufupi. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu na sahihi za kielektroniki, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuchana nakala za asili kesho asubuhi. Nyaraka za kodi hutakiwa kutunzwa miaka mitano, Tanzania na Kenya pia. Ongea na mkaguzi wenu wa hesabu kabla ya kubadilisha utaratibu, umwonyeshe folda, akubali kwa maandishi. Hati za ardhi, mikataba yenye stempu na vyeti vya asili usiviguse kabisa.

Na onyo ambalo ningeliandika kwa wino mwekundu kama ningeweza: usianze kuskani makabati ya zamani. Ofisi nyingi huanzia huko, zinaajiri vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu inapita, wamefika mwaka 2011, na vocha za leo bado zinatolewa kopi nne nne. Anza na karatasi ya leo. Za zamani skani ile tu inayoulizwa, siku inapoulizwa.

7. Risiti za EFD.

Karatasi ya risiti hizi, zinazotoka kwenye mashine za kielektroniki za kodi, huchapwa kwa joto, haina wino, na kwa joto letu hili maandishi huanza kufifia baada ya miezi michache. Ndiyo maana wahasibu huzitolea fotokopi, wakati mwingine mbili. Ipige picha au iskani siku inapoingia, maandishi yakiwa bado meusi, uiunganishe na vocha yake. Hakikisha namba ya uhakiki inasomeka, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoweza kuthibitishwa kwenye mfumo wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hata karatasi ikiwa nyeupe pee. Na usizichanganye na karatasi nyingine unazopeleka kuchakatwa, zina kemikali.

8. Maboksi mawili kando ya kila printa.

La kwanza liandikwe UPANDE MMOJA, la pili ZIMEKWISHA. Za upande mmoja kata katikati, zibane kwa stepla, una daftari la kuandikia namba za simu na maagizo. Kwetu hatujanunua madaftari madogo tangu tuanze.

Je, unaweza kuzirudisha kwenye printa? Kwa rasimu, ndiyo, lakini kwa masharti: isiwe na pini hata moja, isiwe imekunjwa kona, iwekwe kwenye trei ya pembeni na si trei kuu. Pini moja ya stepla ikiingia kwenye rola za mashine, gharama ya fundi itakula akiba ya rimu za mwaka. Tena printa ya pamoja isiwekewe kabisa, kwa sababu kuna siku barua rasmi ya kwenda wizarani itatoka ikiwa na orodha ya mishahara mgongoni.

9. Angalia zinakokwenda zikitoka.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, karatasi zimezidi kupata soko la kufungia bidhaa. Siku moja nilinunua karanga kituo cha daladala, nilipofungua ule mkunjo nikakuta hati ya mshahara ya mtu: jina, makato, mkopo wa benki, kiasi alichobaki nacho. Sikumjua, lakini nilimwonea huruma kwa makato yale.

Kwa hiyo chochote chenye jina, namba ya kitambulisho, mshahara, matokeo ya hospitali au akaunti ya benki kichanwe kabla hakijatoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Mashine ndogo ya kuchana inatosha. Kama hamna, loweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha na uivuruge asubuhi iwe uji. Zilizobaki safi, uza kwa kilo kwa wakusanyaji wa karatasi chakavu, hugeuzwa tishu na trei za mayai. Hutatajirika, lakini fedha ya chai ya Ijumaa inapatikana.

10. Pima tena.

Baada ya mwezi rudia hatua ya kwanza bila kubadilisha namna ya kupima. Peleka kwa mkuu wa ofisi namba mbili tu: rimu za kabla na rimu za sasa. Kwa baruapepe, tafadhali.

Mambo yakikwama

*Printa inakwama tangu tuanze pande mbili.* Mara nyingi ni unyevunyevu, hasa sisi wa pwani. Karatasi ikikaa wazi hunyonya unyevu wa hewani, inajikunja, na kwa pande mbili inapita kwenye joto mara mbili. Acha rimu ndani ya kanga yake hadi dakika ya kuitumia, mwishoni mwa wiki usiache trei imejaa, na boksi lisikae sakafuni. Angalia mshale kwenye kanga ya rimu, unaonyesha upande wa kuchapwa kwanza. Kama mnanunua karatasi nyepesi ya gramu 70 kwa sababu ya bei, jaribuni ya 80 kabla ya kumlaumu fundi.

*Umeme ulikatika katikati ya kikao.* Waambie wajumbe wapakue PDF kwenye simu au kompyuta zao tangu jana yake, wasitegemee intaneti ya ofisi. Nakala mbili za karatasi zilizopo zitawavusha.

*Mkuu hataki kabisa kusoma kwenye kioo.* Mprintie. Pande mbili, herufi kubwa, mtu mmoja. Ukipigana naye kwa ajili ya karatasi ishirini utapoteza rimu ishirini za wengine wanaomtazama yeye.

*Wadau wanadai barua yenye muhuri wa wino.* Printi hiyo moja, igongwe muhuri, iskani, nakala yenu ibaki kwenye folda. Usitoe "kopi ya faili".

*Mhudumu wa usafi anachanganya maboksi yote.* Umemweleza? Watu hutuma baruapepe kwa ofisi nzima na kumsahau yeye ambaye hana anuani ya baruapepe. Mwonyeshe kwa mkono, na fedha ya kilo zilizouzwa mgawie.

*Tumefanya yote na rimu hazipungui.* Tazama daftari la stoo kwa tarehe, usitazame jumla. Sisi zilikuwa zinapanda kila Alhamisi na Ijumaa, saa za jioni. Nikahisi ripoti za wiki. Siku moja nikakuta kwenye trei, zimesahaulika, kadi arobaini za mchango wa harusi na ratiba ya send-off, pande mbili kama nilivyofundisha, na jina la kamati ya maandalizi chini: mweka hazina wao alikuwa mhasibu wetu. Tukakubaliana waje na rimu yao.